Jinsi Nilivyomrekodi Mama Kwenye Televisheni

Kazi yangu ni kukagua mizani. Naingia buchani, kwa muuza nafaka, kwenye duka la misumari, naweka mawe yangu ya shaba juu ya mizani ya mtu, na kabla sijasema neno mwenye duka ameshaanza kunieleza habari za mtoto wake anayeumwa. Nimeifanya miaka kumi na minane. Imenipa viatu vinavyoisha upande mmoja, na jina la Gramu, ambalo ofisini wananiita kila siku na nyumbani mke wangu ananiita akikasirika. Imenipa pia ugonjwa usio na dawa: siwezi kuchukua kitu bila kwanza kukilinganisha na kingine. Nikitumwa dawa ya meno, nitasimama mbele ya rafu nikisoma maboksi mpaka mlinzi aanze kunizungukazunguka.

Kwa hiyo mama alipotaka kurekodiwa, alikosea mtu wa kumpigia simu.

Mama ni mshonaji. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na kioo ambacho wateja wanakipenda kwa sababu kinawapunguza unene. Watu wa televisheni walikuwa wamemfuata kwa ajili ya kipindi chao kiitwacho Mikono ya Kazi, kinachoonyesha watu wa ufundi mbalimbali. Walikaa kwake nusu siku, wakahamisha meza, wakafunga dirisha, wakafungua dirisha.

"Wamenikatisha kitambaa kilekile mara tatu," aliniambia kwenye simu. "Mara ya tatu hakikuwa kitambaa tena, kilikuwa leso. Kitaonyeshwa Jumamosi, baada ya wiki tatu, saa nne asubuhi. Ila mimi sitakiona. Siku hiyo wasimamizi wa bibi harusi wanakuja kujaribu magauni, na wako saba."

"Nitakurekodia, Mama."

"Unaweza kweli?"

"Hilo ni jambo dogo."

Niseme ukweli: lilikuwa jambo dogo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ana king'amuzi kinachorekodi chenyewe, unabonyeza kitufe kimoja chekundu na kurudi kwenye shughuli zako. Ningegonga mlango wake, nikaomba, mambo yangekwisha. Badala yake nikaenda kumuuliza kijana wa kompyuta pale ofisini, ambaye tunamwita Waya.

"Una kompyuta ya zamani?" Waya aliuliza.

"Ninayo, iko juu ya kabati."

"Basi. Tafuta kile kidude kama flashi, upande mmoja unachomeka kwenye kompyuta, upande wa pili unaingiza waya wa antena. Kompyuta unaiunganisha na televisheni yako. Halafu unaweka programu ya kurekodi. Zipo za bure, tena nyingi. Chukua yoyote."

Yoyote. Neno hilo aliambiwa mtu ambaye ameshawahi kupima mfuko uleule wa sukari kwenye mizani nne.

Jioni ile nilishusha kompyuta kutoka juu ya kabati, nikaifuta vumbi, nikaiweka kwenye meza ya sebuleni chini ya televisheni. Waya wa antena, ambao kwa miaka yote ulikuwa umeingia nyuma ya televisheni bila kumsumbua mtu, niliuchomoa nikauingiza kwenye kidude. Kisha nikaanza kusoma mtandaoni. Nilisoma siku nne. Nilisoma watu wasiojuana wakitukanana juu ya programu ambazo hakuna aliyewalazimisha kuzitumia, na nikajikuta nimechukua upande. Mwishowe nilibaki na tatu. Majina halisi yalikuwa marefu, na mke wangu alishindwa kuyatamka, basi nikazipa majina ya nyumbani.

Ya kwanza niliiita Mpole. Ilikuwa na sura nzuri, herufi kubwa, picha za vipindi zilizopangwa kama kwenye duka la picha, na kila ukikosea inakuomba radhi yenyewe. Ila ilikuwa nzito. Ukibonyeza rimoti, unaweza kwenda kunywa maji na kurudi ndipo inakuitikia.

Ya pili ilikuwa Mjuaji. Hiyo inaweza kila kitu, lakini kabla ya kufanya chochote inakuhoji. Antena yako ni ya aina gani, umekaa upande gani wa mnara, unataka sauti ipite wapi. Nilipomaliza kuiweka nilikuwa nimejibu maswali mengi kuliko siku niliyoposa.

Ya tatu niliiita Kimya, kwa sababu haina sura. Unaipangia kazi mara moja, inajificha ndani ya kompyuta na huioni tena. Inafanya kazi, haifanyi, huwezi kujua. Mtu wa aina yangu hawezi kulala na kitu kama hicho ndani ya nyumba.

Nilichukua karatasi ya miraba, ile ya ofisini, nikachora jedwali. Vigezo kumi na moja: urahisi wa kuiweka, ratiba ya vipindi, ubora wa picha, ukubwa wa faili, kasi ya kuamka kompyuta ikiwa imelala, na mengineyo ambayo leo naona aibu kuyataja. Kila kigezo alama kumi. Nikawa narekodi taarifa ya hali ya hewa kwa Mpole leo, kwa Mjuaji kesho, kwa Kimya keshokutwa, halafu naketi kutazama hali ya hewa ya siku zilizopita nikiandika alama.

Mke wangu ni muuguzi. Anarudi kutoka zamu miguu ikiwaka moto, anataka kukaa na kutazama tamthilia yake.

"Naomba tamthilia," alisema siku moja, ameshika rimoti mbili kama mtu aliyekabidhiwa mizigo asiyoijua.

"Subiri kidogo. Bonyeza ile nyeusi, chagua Mjuaji, kisha kwenye kile kidude…"

"Zamani nilikuwa nabonyeza mbili."

"Sasa ni bora zaidi."

Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema hana homa, akaenda kwa jirani kutazama huko.

Siku mbili kabla ya kipindi nilijumlisha alama. Mpole, sabini na moja. Mjuaji, sabini na moja. Kimya, sabini na moja. Nikarudia. Nikaanza kutoa nusu alama, kisha robo. Nilipofika kwenye thumuni mke wangu aliichukua karatasi, akaitazama, akaniuliza kwa upole kama kazini nina matatizo.

"Zote zinarekodi?" aliuliza.

"Zote zinarekodi."

"Basi chagua moja, Gramu."

Kwa jinsi alivyolitamka hilo jina nilijua nimechelewa. Lakini wakati huohuo wazo lilikuwa limenijia, na lilionekana la busara sana. Kwa nini nichague? Nitazipangia zote tatu zirekodi kipindi kilekile, saa ileile. Moja ikishindwa, mbili zipo. Na baadaye nitalinganisha picha tatu za mama, nione ipi imetoka vizuri zaidi. Nilijisifu moyoni kwa kuona mbali.

Jambo ambalo sikuliona, na ambalo Waya alinieleza baadaye akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, ni kwamba kidude kilikuwa kimoja. Kidude kimoja huhudumia programu moja kwa wakati mmoja. Nilipokuwa nazijaribu kwa zamu, kila moja ilikipata peke yake. Ni sawa na kuwaita mafundi watatu na kuwapa nyundo moja.

Jumamosi ilifika. Mke wangu alikuwa zamu ya asubuhi. Mama alikuwa na wasimamizi wake saba. Mimi nilioga, nikavaa shati safi, sijui kwa nini, nikakaa mbele ya televisheni saa tatu na nusu. Sikuwa na mpango wa kutazama kipindi moja kwa moja. Niliogopa kwamba nikigusa kitu nitavuruga. Kioo kilikuwa kinaonyesha kurasa za Mpole na Mjuaji kando kwa kando, na Kimya, kama kawaida yake, alikuwa huko ndani.

Saa nne kasoro dakika moja, Mpole aliandika: Samahani, kifaa kinatumika kwa sasa. Mjuaji akaandika kitu kirefu chenye namba nyingi, ambacho kwa ufupi kilisema hivyohivyo.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza, kinatumika na nani? Jibu lilikuwa rahisi. Kimya alikuwa ameshaamka, amekishika kidude, na alikuwa anamrekodi mama yangu taratibu, bila makeke, kama alivyopangiwa. Lakini mimi sikumwona. Niliona wawili wakilia na wa tatu hayupo, nikasimama. Niliifunga Mpole, nikaifungua. Niliijibu Mjuaji maswali yake yote upya. Dakika zilikuwa zinakwenda. Mwishowe nilifanya kile ambacho kila siku nawakataza wenye maduka wasifanye mizani ikigoma: nilikichomoa kidude, nikakipuliza, nikakichomeka tena.

Mjuaji akawasha taa nyekundu. Inarekodi. Nilikaa chini jasho likinitoka, nikaitazama ile taa kwa dakika ishirini na sita bila kupepesa, nikiamini kwamba nyuma yake yuko mama.

Kipindi kilipokwisha nilifungua faili. Kimya alikuwa na dakika nne: tangazo la sabuni, tangazo la godoro, muziki wa kufungulia kipindi, na mkono wa mtu ukifungua mlango wa duka la mama. Hapo ndipo nilipomkata. Mjuaji alikuwa na dakika ishirini na sita za giza tupu, kwa sababu nilipokichomeka kidude waya wa antena ulikuwa umelegea ukaning'inia. Lilikuwa giza safi kabisa, lisilo na chenga hata moja. Kwenye ubora wa picha ningelipa tisa. Mpole hakuwa na kitu, ila aliniomba radhi.

Nilikimbilia kwa jirani. Mlango ulikuwa umefungwa. Alikuwa ametoka tangu asubuhi, na bila shaka hakuna aliyemwomba arekodi chochote.

Mama alipiga simu mchana. Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka na cherehani ikikimbia.

"Imeingia?" aliuliza.

Ningeweza kusema ukweli hapohapo. "Inachakatwa," nilisema.

"Inachakatwa ni nini?"

"Ni kama… inapigwa pasi."

"Aa. Basi isiharakishwe. Nakuja kesho."

Mke wangu aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni, nyaya mapajani, nimetoka kuukaza ule wa antena. Alivua viatu, akakaa kwenye kochi, akasema, "Mimi nimemwona."

"Nani?"

"Mama. Pale wagonjwa wanaposubiri kuna televisheni ukutani. Sauti huwa tunaifunga, lakini nilisimama na faili zangu nikatazama mpaka mwisho. Mgonjwa mmoja akaniuliza, yule ni nani, nikamwambia ni mama mkwe wangu." Alianza kuikanda miguu yake. "Kumbe wewe hukumwona."

Nilitamani anigombeze.

Jumapili mama alikuja amevaa gauni lile alilolivaa mbele ya kamera, la rangi ya zambarau, lenye kola aliyoishona upya mara mbili kwa ajili ya siku ile. Alikuja amejipaka mafuta, na mkobani ana miwani yake ya kuonea mbali. Alikaa kwenye kiti kinachotazamana na televisheni, akaivaa, akaweka mikono mapajani.

Nilipiga moyo konde. "Mama, sina hicho kipindi."

Alinigeukia. "Bado kinapigwa pasi?"

"Hapana. Nimekiharibu. Programu zilikuwa tatu, nilishindwa kuchagua, nikazipanga zote, nikachomoa…" Nilisikia ninavyosikika. Kila neno la ufafanuzi lilikuwa linanizamisha zaidi. "Nimekiharibu mimi mwenyewe, Mama. Naomba unisamehe."

Alivua miwani. Aliikunja, akairudisha kwenye kifuko chake, kifuko kwenye mkoba, akafunga zipu. Nimewahi kufungiwa duka usoni na wauza nyama wakubwa, wenye visu, lakini ile zipu iliniumiza kuliko wao wote.

"Kwa hiyo hakuna aliyeona," alisema.

"Mimi nimeona," mke wangu alisema kutoka mlango wa jikoni, akaja akakaa karibu naye. "Nimeona chote. Ila sikusikia. Sauti ilikuwa imefungwa."

"Umeona nini?"

"Walianza mlangoni. Halafu ukatokea, umesimama kwenye meza, unamwonyesha yule dada mtangazaji kitambaa, unakivuta hivi."

Mama alikaa sawasawa. "Hapo nilikuwa namwambia kwamba kitambaa kina uzi wa wima na uzi wa ulalo, na mtu akikata bila kuuliza, gauni litamzunguka mwilini akitembea."

"Eeh. Na yule dada akacheka."

"Alicheka kwa sababu nilimwambia koti lake mwenyewe limekatwa hivyo."

Mke wangu alishika kiuno. "Ndiyo maana akajiangalia begani."

Wakaendelea hivyo. Mmoja anaeleza picha, mwingine anatia maneno. Mimi nilikwenda kuwasha jiko kwa ajili ya chai, nikiwa nimeacha mlango wazi, na nilisikia kipindi chote cha mama yangu nikiwa nimesimama na majani ya chai mkononi. Walifika mahali mke wangu aliposema, "Hapo alikuuliza kitu, ukakaa kimya, halafu ukatabasamu."

"Aliniuliza kama nina mtoto aliyerithi kazi hii," mama alisema. Sauti yake ilishuka, lakini jikoni kwetu si mbali. "Nikamwambia hapana, ninaye mmoja, anakagua mizani. Nikamwambia huyo hana papara. Akishika kitu, hakiharibiki."

Nilipeleka chai. Hakuna aliyenitazama, na ninawashukuru kwa hilo.

Siku kumi baadaye niliamua kuondoa kila kitu na kurudisha waya wa antena ulikozoea. Nilianza na Mpole, ikaniuliza mara mbili kama nina hakika, ikaomba radhi. Mjuaji ilitaka kujua sababu. Nilipofika kwa Kimya, kwenye sanduku lake la rekodi nilikuta faili ambalo sikulijua. La Jumatano, saa nane mchana, wakati sisi sote tuko kazini. Kituo kilikuwa kimerudia kipindi, hakikutuambia, na Kimya alikuwa amekirekodi dakika zote thelathini. Inaonekana wakati wa kumpangia nilikuwa nimeweka alama kwenye kiboksi cha kurekodi marudio bila kusoma. Katika wiki tatu za kusoma kila kitu, kitu kimoja nisichokisoma ndicho kilichofanya kazi.

Jumapili iliyofuata mama alikaa tena kwenye kiti kile. Safari hii hakuvaa gauni la zambarau. Nadhani hakuniamini.

Kilianza. Mlango, meza, kitambaa. Yule dada alicheka na kujiangalia begani. Tabasamu la mama lilikuwepo, lakini swali lililoulizwa hapo lilikuwa la bei; lile la mtoto halikuwepo. Walikuwa wamelikata.

"Wamelitoa," mama alisema.

"Afadhali," nikasema.

Kisha kamera ikasogea karibu sana na mikono yake ikikata. Mke wangu, aliyekuwa amejiegemeza, akainuka.

"Rudisha nyuma kidogo," aliniambia. "Hapo. Simamisha."

Nikasimamisha. Mikono ya mama ilijaa kioo chote. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mkasi, lakini haukuwa ukiubana. Vidole viwili vilikuwa vimepinda pembeni, viungo vimevimba vikang'aa. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa juu, ukiusukuma ule wa kulia ufunge mkasi. Alikuwa anakata kwa mikono yote miwili, na alikuwa amelificha hilo vizuri hivi kwamba mpiga picha alidhani ndivyo kazi inavyofanywa.

"Pale hospitali kioo ni kidogo na kiko juu," mke wangu alisema. "Sikuona. Mama, hii ni tangu lini?"

Mama aliingiza mikono chini ya mtandio. "Ni baridi tu. Asubuhi huwa inakaza, mchana inaachia."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mwaka juzi mwishoni."

Mimi ninapita dukani kwa mama kila wiki. Ninakaa kwenye benchi lake, ninakula chakula chake, ninamweleza habari za bucha iliyonidanganya gramu hamsini kwa kilo. Gramu hamsini naziona nikiwa mlangoni. Miaka karibu miwili ya vidole vya mama yangu sikuviona mpaka viliporushwa hewani na kurudiwa.

Jumanne nilichukua ruhusa kazini nikampeleka kliniki. Mke wangu alikuwa ametupangia daktari wa viungo. Daktari alimwambia ni baridi yabisi, kwamba vidole vilivyopinda havitanyooka, lakini dawa inaweza kuzuia vingine visifuate, na kwamba asishike mkasi mzito tena. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza magauni yatakatwa na nani. Daktari akanitazama. Mama akamfuata macho, naye akanitazama, na akaguna.

Sasa kila Jumamosi asubuhi niko kwenye ile meza ndefu. Mama anachora kwa chaki, mimi nakata. Anakaa kwenye kiti pembeni, mikono ndani ya soksi za sufu alizozikata vidole, na ananiambia nisimame wima, nisipumue juu ya kitambaa, nisipime mara ya tano.

"Umeshapima," ananiambia. "Kata."

"Nahakikisha tu."

"Kata, baba."

Nakata. Wateja hawajui, kwa sababu mpaka leo ameniruhusu kukata bitana tu, ile inayokaa ndani ambako hakuna mtu anayeangalia; kitambaa cha juu bado anakikata mwenyewe, polepole, kwa mkasi mwepesi. Wiki iliyopita nilimwuliza lini nitapewa kitambaa cha juu. Alikichukua kipande nilichotoka kukikata, akakiinua mbele ya dirisha, akakitazama mwanga ukipita, akakiweka mezani akakilainisha kwa kiganja.

"Tutaona," alisema, na akanisogezea bitana nyingine.